Usaili wa Mtu Mkimya

Wateja wangu wa saluni walimbandika mume wangu jina la Bwana Mmh, na sikuwahi kuwakataza, maana jina lenyewe lilimkaa. Ukimsalimia, mmh. Ukimuuliza kama ameshiba, mmh. Ukimwambia nyumba inaungua, nadhani angekutazama kwanza, afikirie moto umeanzia wapi, aseme mmh, halafu ndiyo aende kuchota maji. Tulipooana nilidhani ni kiburi. Nikawa namtafutia ugomvi kila jioni ili angalau nisikie sauti yake, na kila jioni nilishinda mimi, peke yangu, hadi nikachoka kushinda. Baadaye nikaelewa kwamba yeye hulipima neno kabla ya kulitoa. Mimi nalitoa kwanza, kupima kutafuata kama muda upo.

Alikuwa akifanya kazi kwenye duka la kuchapisha nyaraka, mtaa wetu huohuo. Printa ikimeza karatasi, anaitwa yeye. Kompyuta ya mtu ikigoma kuwaka, analetewa yeye. Pale kaunta, kati ya mteja na mteja, ndipo alipojifunza kuandika programu za kompyuta, bila mwalimu, kwa vitabu vya mitumba na video alizokuwa akizitazama bila sauti ili asisumbue watu. Ya kwanza aliliandikia duka lenyewe, ya kuonyesha wino upi unakaribia kwisha. Ya pili aliiandikia famasi ya jirani, wajue dawa zipi zinakaribia kuharibika. Ya tatu aliniandikia mimi, ya kupanga zamu za wateja saluni. Niliitumia wiki nzima ili kumfurahisha, kisha nikarudi kwenye utaratibu wangu wa kusimama mlangoni na kupaza sauti: "Haya, nani anafuata?" Hakusema kitu. Nilijua tu ameona.

Kisha Baba akapata kiharusi. Namwita Baba, lakini ni baba mkwe wangu, mzee aliyefanya kazi ya ufundi bomba idara ya maji maisha yake yote, na kila mwisho wa wiki akavaa kaptura nyeusi na kuchezesha mechi za mpira wa mtaani. Mtaa mzima unamjua kwa jina la Refa. Alikuwa mtu wa kelele, wa kubishana na wachezaji hata baada ya mechi, wa kukuonyesha kadi nyekundu mezani ukichukua nyama kubwa. Nadhani mume wangu alikua kimya kwa sababu nafasi ya kusema nyumbani kwao ilikuwa imeshajaa. Kiharusi kilimchukua Baba upande wote wa kulia na kikaondoka na ulimi. Mama mkwe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Tukamleta kwetu, kwenye chumba cha nyuma ya saluni, na kati ya chumba hicho na saluni kuna pazia tu.

Mume wangu aliacha duka. Hakuombwa na mtu wala hakushauriana nasi. Siku moja alirudi na kikombe chake cha chai na jozi ya bisibisi, nikajua ameaga. Tangu hapo alifanya vibarua vya kompyuta kando ya kitanda cha baba yake. Asubuhi anamgeuza ili mgongo usichubuke, anamwogesha, anamnyoa, anamlisha uji kwa kijiko kidogo upande wa kushoto wa mdomo, upande unaojua kumeza. Mimi ni mtu wa mikono, nimeshika vichwa vya watu zaidi ya nilivyoshika kitabu, na nawaambia sijawahi kuona mikono yenye subira kama ile. Nilimpenda upya. Sikumwambia, kwa sababu angejibu mmh, ningekasirika.

Kaka yake mkubwa ni mwalimu mkuu wa shule, anaishi mji mwingine, mwendo wa kutwa nzima kwa gari. Alikuja likizo moja, akakaa kwenye kiti cha wateja, akamtazama mdogo wake anavyohangaika, akasafisha koo kama anahutubia paredi.

"Mdogo wangu, unazeekea nyuma ya pazia hili. Una kipaji, na kipaji kinakufia mkononi. Baba nitamchukua mimi."

"Baba amezoea hapa," mume wangu akasema.

"Atazoea na kwangu. Sikiliza. Ukipata kazi ya kweli, yenye mkataba, ya kufanyia hapahapa nyumbani, basi nitafunga mdomo wangu. Shule zikifungwa tena na bado hujapata, nakuja na gari kumchukua. Shemeji, wewe ni shahidi."

Nilitaka kumjibu Kaka jibu la kumkaa rohoni, lakini ni mkubwa wangu, tena alichosema hakikuwa uongo. Mume wangu akasema mmh. Siku ile hakula chakula cha mchana, na jioni nilimkuta amekaa pembeni mwa kitanda amemshika Baba mkono ule usiohisi kitu.

Basi akaanza kuomba kazi. Mimi kumwajiri msaidizi wangu nilimwambia, "Hebu shika kichwa hiki, tuone," na usaili ukaishia hapo. Kumbe wenzetu wa programu wana safari ndefu. Kwanza anakupigia mtu wa kuajiri, anakuuliza wewe ni nani na unatarajia mshahara gani, sauti tamu kama anakuposa. Ukipita, unapewa kazi ya kufanyia nyumbani. Ukipita, unaitwa mbele ya watu kwa video, wanakupa swali, unaandika programu wakikukodolea macho kila herufi. Halafu wanakuuliza ungejengaje mfumo mkubwa usiozidiwa watu wakiingia kwa wingi. Halafu maswali ya tabia: tueleze siku uliyotofautiana na mwenzako. Mwisho wa yote wanakuuliza kama una swali lolote kwao, na ole wako ukisema huna.

Usaili wa kwanza alirudi kwangu saluni ametoa jasho kama aliyekuwa anachimba kisima. Siku chache baadaye wakamwandikia kwa adabu: jibu lake lilikuwa sahihi, lakini hawakuweza kufuata anavyofikiri.

"Jibu si wameliona?" nikafoka, chanuo mkononi. "Wanataka nini tena, awaimbie?"

Usaili wa pili akajitahidi kusema. Alisema "sasa", akasema "hapa", akasema "mmh". Wakamkataa nao. Nilitaka kuwapigia simu mimi mwenyewe niwapashe. Mume wangu akanishika bega karibu na sinki, akatoa sentensi ndefu kuliko zote nilizosikia mwaka ule.

"Jibu wanalo tayari. Wanachotafuta ni kujua kama mtu anaweza kufanya kazi na mimi. Mimi nikifikiri, nafunga mlango. Wao wanabaki nje."

Nikasema basi, tuufungue huo mlango. Nikaitisha usaili wangu saluni. Mteja mmoja, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima, akaketi katikati kama mwenyekiti, akamuuliza kwa sauti nzito, "Kwa nini tukuajiri wewe?" Mume wangu akafikiri. Akafikiri tena. "Kwa sababu," akasema, kisha akanyamaza, kisha, "mmh." Tulicheka hadi msusi msaidizi akadondosha sega, na yeye mwenyewe akacheka kwa mabega, kimyakimya, lakini nilimwona alivyorudi nyuma ya pazia. Hakuwa anacheka tena. Nikawafukuza wote kwa macho, na yule wa nusu kichwa nikammalizia bila mazungumzo.

Aliyetuvusha, bila kujua, ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyekuwa akija kumnyoosha Baba. Alimwambia mume wangu: "Huyu masikio yake ni mazima. Kila unachomfanyia, mweleze. Usimgeuze kama gunia. Sema: Baba, sasa nashika goti." Kwa ajili yake mwenyewe nadhani asingeweza, lakini kwa ajili ya Baba aliweza. Akaanza. Baba, sasa nashika goti. Baba, maji ya leo ni ya moto kidogo. Baba, huu ni uji, nimesahau kuutia sukari, nivumilie. Nikawa nasikia hivyo vijineno kutoka nyuma ya pazia, kimoja kimoja, kama bomba lililoanza kupata maji.

Halafu siku moja, nikiwa katikati ya kichwa cha mtu, nikasikia sauti ya mwanamume inaongea mfululizo chumba cha nyuma. Nikadhani tumepata mgeni. Nikachungulia. Mume wangu alikuwa ameweka kompyuta juu ya kitanda, amemwegemeza Baba kwa mito ili aone kioo, na anamweleza.

"Baba, tuseme wachezaji wanaingia uwanjani, wengi, na wawili wamevaa namba ileile. Nataka kuwakamata. Njia ya kwanza: namshika mchezaji mmoja, namlinganisha na wengine wote. Namshika wa pili, namlinganisha na wote. Kwa njia hiyo kipenga cha mwisho kitalia hatujaanza hata mechi. Njia ya pili: nasimama getini. Kila anayepita, naikumbuka namba yake. Akija mtu na namba niliyokwisha kuiona, nimemkamata. Mara moja tu nimewapitia wote. Lakini nimelipia kwa kumbukumbu."

Baba akanyanyua kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Ndivyo alivyokuwa akiwaonya wachezaji kabla ya kadi. Mume wangu akasimama palepale.

"Nimekupoteza kwenye kumbukumbu? Sawa. Ninazungumzia nafasi. Zile namba ninazozikumbuka lazima niziweke mahali, na wachezaji wakiwa wengi mno, mahali penyewe panajaa. Hapo tuko pamoja, Refa?"

Kidole kikashuka. Akaendelea.

Nilisimama pale na rasta za mteja mkononi, machozi yananitoka, mteja akadhani nimepatwa na jambo. Jambo lenyewe lilikuwa kwamba miaka yote hiyo niliingoja sauti ile, na sasa ilikuwa inamwagika nyumbani kwangu, inamwagikia mzee mmoja na habari za jezi. Niliona wivu kidogo na furaha kubwa. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kazi yao. Baada ya kunyolewa, Baba anakaa kama mwenyekiti wa bodi, mwanawe anafikiri kwa sauti, na kila Baba alipopotea kidole kilisimama, na kila kidole kiliposimama mwanawe alirudi nyuma, akatafuta neno jepesi zaidi. Sidhani Baba alielewa programu. Alielewa pale mwanawe aliporuka hatua, maana uso wa mtu anayeruka hatua anaujua kila mzazi.

Kampuni ya mwisho ilikuwa inatengeneza mifumo ya hospitali, na watu wake wote hufanya kazi kutoka nyumbani kwao. Alipita kwa yule mwenye sauti tamu. Alipita ile ya kufanyia nyumbani. Ikabaki siku ya watu, na shule zilikuwa zinakaribia kufungwa. Kaka akapiga simu kutoa nasaha.

"Vaa tai. Na sikiliza, mambo ya mgonjwa usiyaguse kabisa. Wakisikia una mgonjwa ndani, wameshakufuta. Shemeji, mkumbushe."

Nikamkumbusha, maana niliona Kaka amesema kweli. Siku yenyewe nikafunga saluni. Tuliigeuza meza ili nyuma yake uonekane ukuta mtupu, maana upande wa pili kuna mabango ya mitindo ya nywele, na sikutaka wamsaili wakiwa wanatazama vichwa vya wanawake. Akavaa shati, tai na, chini ya meza ambako hawaoni, kandambili. Baba naye akavishwa shati jeupe. Mimi nikabaki na Baba nyuma ya pazia, nimeacha upenyo wa jicho moja.

Walikuwa wawili. Kiongozi alikuwa mwanamke mtu mzima mwenye miwani, nywele fupi zenye mvi, zimetunzwa vizuri. Nikamwamini kidogo kwa sababu ya nywele. Mwingine kijana aliyevaa vipokea sauti vikubwa. Wakamsalimu, wakampa swali: hospitali ina orodha ya wagonjwa, wengine wameandikishwa mara mbili, aandike programu ya kuwapata.

Nikaona mgongo wake unakaza. Akaanza kuandika. Vidole vinakwenda, mdomo umefungwa. Nikamsikia kijana akisema, "Tunaomba utuambie unachofikiria." Kimya. Nikaanza kuuma ukosi wa gauni langu. Baba alikuwa ananitazama mimi, jicho kavu, kama vile ningeweza kufanya kitu, na mimi, mwenye mdomo wa kuuza na kukodisha, sikuwa na cha kufanya.

Mume wangu akaondoa mikono kwenye kompyuta. Akageuza kichwa kidogo upande wa pazia. Halafu akaanza, kwa sauti ileile ya baada ya kunyoa.

"Sawa. Tuseme nimesimama getini, wagonjwa wanapita."

Nikamshika Baba mkono. Alikwenda vizuri. Aliwaeleza njia ndefu na kwa nini haifai, akawaeleza njia fupi na gharama yake, akaandika huku anasema, na maneno yake hayakuwa mengi, lakini kila moja lilimfuata mwenzake. Kijana akaacha kuandika, akasikiliza. Nikaanza kupumua. Na hapo ndipo mume wangu, katikati ya raha yake, akawatazama watu wale wazito wa kampuni na kuwauliza, "Hapo tuko pamoja, Refa?"

Nilitamani sakafu inimeze.

"Refa?" mwanamke akauliza. "Refa ni nani?"

Angeweza kucheka na kusema ulimi umeteleza, wakaendelea. Mimi ningesema hivyo, ningetunga na hadithi juu yake. Yeye alinyamaza ule unyamavu wake, nikajua analipima neno, na nikajua Kaka ameshindwa.

"Refa ni baba yangu," akasema. "Ana kiharusi, hawezi kusema. Yuko nyuma ya pazia hilo. Mimi si msemaji. Kufikiri kwa sauti nimejifunza kwa kumweleza yeye. Nikimpoteza, ananyanyua kidole, narudi nyuma. Samahani. Nilisahau kwamba ni nyinyi."

Mwanamke hakucheka. Alisogea mbele ya kamera yake.

"Basi tuendelee hivyohivyo," akasema. "Nikipotea, nitanyanyua kidole."

Na alinyanyua, wallahi. Haikuchukua muda. Mume wangu alikuwa anasema kwamba jina likijirudia, basi mgonjwa amejirudia, na kidole cha yule mama kikasimama kwenye kioo. Mume wangu akarudi nyuma. Akatazama alichoandika. "Hapo nimekosea," akasema, polepole. "Majina yakifanana si lazima awe mtu mmoja. Tukimwunganisha mtu na mtu mwingine, mmoja atapewa dawa za mwenzake. Nahitaji na tarehe ya kuzaliwa, na hata hapo nisifute mwenyewe, nimwonyeshe muuguzi aamue." Akalifuta kosa lake mbele yao bila aibu, akaandika upya.

Yakaja maswali ya tabia. Kijana akamtaka aeleze siku aliyomtengenezea mtu kitu na mtu akakikataa.

"Mke wangu," akasema mume wangu, na mimi nikakodoa macho. "Ana saluni. Nilimwandikia programu ya zamu, akaitumia wiki moja, akaiacha. Niliumia kidogo. Halafu nikakaa kule nikamtazama anavyofanya kazi. Yeye huwaita watu kwa kelele mlangoni, na wao hucheka, na anayefuata huingia ameshafurahi. Programu yangu ilikuwa inawanyang'anya hicho. Nilipaswa kutazama kwanza, ndipo niandike."

Wale wawili walicheka, cheko zuri. Mimi nilijifuta uso kwa pazia langu mwenyewe. Mtu unalala naye miaka, unadhani haoni, kumbe anaona hadi cheko la mteja mlangoni.

"Mwisho," mwanamke akasema, "una swali kwetu?"

Maswali tulikuwa tumeyaandaa, ya kuonyesha kwamba ni mtu makini: timu inajaribuje kazi yake kabla ya kuitoa, anayeanza anaelekezwa na nani. Akayaacha yote.

"Nina moja. Nikiwa kazini, baba akiniita, naruhusiwa kuinuka?"

Mwanamke alivua miwani. "Anakuitaje, kama hasemi?"

"Anagonga ubao wa kitanda."

"Akigonga, utasema samahani narudi, utainuka," akasema. "Hata ukiwa unazungumza na mimi." Kisha akavaa miwani na sauti ya ofisi. "Lakini leo sikuahidi chochote. Kuna wengine bado hatujawasaili."

Majibu yakachelewa. Shule zikafungwa. Kaka akaja na gari kama alivyosema, asubuhi, amelisafisha ndani, kiti cha mbele amekiegemeza na kukitandikia blanketi. Nilikuwa nimeshakunja nguo za Baba kwenye begi, na kila shati nililokunja nilimtukana mtu fulani kimoyomoyo: kampuni, Kaka, yule mama wa miwani niliyemwamini bure kwa ajili ya nywele. Mume wangu alimnyoa Baba bila kusema neno. Hata hakumwambia maji ni ya moto.

Tulikuwa kwenye chai simu ilipoita. Akatoka nayo hadi kizingitini. Kwa ndani tulisikia ndiyo, ndiyo, asante, ndiyo. Akarudi, akasimama katikati ya saluni yangu.

"Sema!" nikapiga kelele. "Leo usinifanyie mmh!"

"Wamenichukua," akasema. "Naanza mwezi ujao. Hapahapa nyumbani."

Sijui nilipiga vigelegele vingapi. Nilimrukia, nikamrukia na Baba kitandani, na Baba alikuwa analia kwa jicho moja na kucheka kwa nusu ya mdomo, na sauti fulani ilimtoka kooni, sauti ya uwanjani. Majirani walichungulia. Nikageuka nimvute na Kaka katika furaha, na Kaka hakuwepo.

Nilimkuta saluni, ameketi kwenye kiti chini ya mashine ya kukaushia nywele, ufunguo wa gari mkononi, analia. Mwalimu mkuu mzima, na halikuwa chozi la furaha. Nikamwita mume wangu.

"Kaka?" mume wangu akasema. "Nimepata kazi, Kaka."

"Nimesikia. Hongera, mdogo wangu. Hongera sana, nasema kweli." Akajifuta kwa kiganja. "Nimepaka rangi chumba. Kizingiti nimekibomoa ili kiti chake cha magurudumu kipite. Bafuni nimeweka vyuma vya kushikia. Dirisha linatazama uwanja wa shule, watoto wanacheza pale kila jioni. Nikasema Refa atatazama mpira."

Mume wangu akachutama mbele yake.

"Nilidhani unanihurumia mimi," akasema. "Nilidhani unataka kunitua mzigo."

"Mzigo gani? Wewe umemwogesha, umemlisha, umezungumza naye. Mimi nimekuwa mtoto wake wa simu. Nilikuwa naomba upate kazi, na usiku huohuo naomba usipate. Mungu anisamehe."

Sikujua pa kuyatupa macho yangu. Muda wote ule nilimhesabia Kaka kama mtu wa kuchukua, sikufikiri hata mara moja kwamba ni mtu wa kukosa. Mume wangu hakusema mmh. Alimwegemezea kaka yake paji la uso begani, wakakaa hivyo, watu wazima wawili, mmoja na kandambili.

"Nitafanya kazi kwa kompyuta," mume wangu akasema mwishowe. "Kompyuta inabebeka. Likizo zako zote tutakuja kwako, mimi na Baba. Atalala kwenye chumba chake. Na leo huondoki. Kesho asubuhi utamwogesha wewe."

"Sijui kuogesha mtu mzima."

"Nitasimama mlangoni."

Kaka akainuka. Akapita pazia, akaenda kwa Baba, akampiga busu la kichwa ambalo nina hakika hakuwahi kumpiga tangu utotoni. Kisha akalichukua begi nililolifunga, akalipeleka kabatini, akaanza kutoa nguo moja moja na kuzipanga kwa uangalifu mkubwa. Mashati ya Baba akayaweka kwenye droo ya soksi. Suruali akaziweka yanapokaa mataulo. Mimi, ninayemsahihisha kila mtu ndani ya nyumba hii, nikamwacha amalize.